Taya la Atupele

Udongo uwahi ungali maji. Mmeisikia leo zahanati, mama mmoja akimwambia mwenzake aliyempakata mtoto, na mmerudi mnaniuliza ilitoka wapi. Kwingine watu wana hadithi yao, nami sitagombana nao. Hapa kwetu Lwanzali, kijiji cha wafinyanzi, methali hii ilianza hivi, na wala si hadithi ya kuchekesha.

Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Subilaga, mke wa Ambakisye. Alikuwa na mkono wa kazi. Chungu chake ukikiweka mafigani hakiyumbi, na mdomo wake ni mviringo hasa. Alipofinyanga, kiganja kimoja kilikuwa ndani na kingine nje, na ukuta wa chungu ukianza kuegemea aliurudisha papo hapo. Udongo ukiwa bado na maji ulimtii. Ukishakauka hakuwa na la kuuambia, sawa na mfinyanzi mwingine yeyote.

Sasa, watu wa Lwanzali walikuwa na mwiko. Chungu kikishaanikwa kivulini hakisemwi mpaka kitoke motoni. Ukiona kimepinda unanyamaza, kwa maana ukisema kina ufa, ufa umeuita mwenyewe. Kwa vyungu mwiko huo haukumwumiza mtu. Ubaya wake ni kwamba waliutandaza hadi kwa watoto. Mtoto ambaye hajamaliza kung'oka meno ya utoto, walisema, bado yuko kivulini, na kasoro yake haitajwi hata na mama aliyemzaa.

Subilaga na Ambakisye walikuwa na binti, Atupele, mtoto mwenye sauti. Akiimba Jumapili kanisani wazee waliacha kusinzia, na hilo si jambo dogo. Alipokuwa na miaka sita alikuwa akitoka machimboni na bonge la udongo kichwani, akateleza, akaangukia kidevu juu ya jiwe. Kidonda kilifungwa kitambaa, kikapona, kikaacha kovu. Kwa muda mtoto alilalamika kwamba akitafuna panamuuma karibu na sikio la kushoto. Subilaga akamkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, maumivu yakaisha, na kila mtu akasahau. Kila mtu isipokuwa mfupa.

Atupele akiwa darasa la pili, mama yake alikuwa akimpaka mafuta usoni baada ya kuoga, na mkono ukamwambia jambo. Mashavu hayakuwa sawa, na kidevu kilikuwa kimeanza kwenda kushoto. Akamwambia afunue mdomo. Ulifunuka kidogo tu, na kidevu kikazidi kukimbilia upande uleule. Meno ya juu na ya chini hayakukutana katikati.  Subilaga akafunika kopo la mafuta, asiseme neno.

Mwaka huohuo daktari wa meno alifika shuleni kukagua watoto, akamwita Subilaga. Alimweleza bila kuzunguka kwamba pigo la kidevu hupanda hadi kwenye kiungo cha taya, pale mbele ya sikio. Kidonda cha nje kinaweza kupona huku upande ulioumia umedumaa, na ule mzima ukiendelea kukua uso huvutwa kando. Ila mtoto huyu bado anakua, alisema, na taya linalokua huongozwa: mazoezi ya kufunua mdomo, kifaa cha kuvaa menoni, na kuangaliwa mara kwa mara. Asingoje meno yote yaote. Ampeleke hospitali ya mjini mwezi huu huu.

Subilaga akafunga mzigo. Asubuhi alipotoka na mtoto mkononi, alimkuta mama mkwe wake, Bibi Tusajigwe, ameketi mlangoni. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa wafinyanzi wote, na neno lake halikurudishwa.

"Unampeleka wapi mtoto?"

"Mjini, mama. Taya lake..."

"Nyamaza. Huyo yuko kivulini. Ukimtaja wewe uliyemzaa, umempasua. Mtoto hukua akanyooka."

Subilaga alimtazama mumewe. Ambakisye aliangalia viatu vyake, akasema labda wangoje kwanza meno ya utoto yaishe. Subilaga akasimama, na ninaamini kwamba kama angepiga hatua moja zaidi angefika barabarani. Hakupiga. Alirudi ndani akafungua mzigo. Hapa hasira hunipanda kila ninaposimulia. Mwanamke asiyeacha chungu kiegemee hata kwa muda wa kumeza mate alimwacha mwanawe aegemee miaka sita.

Atupele hakunyooka. Watoto wa shule hawana kivuli wala mwiko, wakamwita Kombo. Mdomo wake ukawa unafunuka upana wa kidole kimoja, baadaye hata kidole hakikupita. Muwa aliuacha, nyama akaiacha, ugali akawa anaubonyeza uwe bapa ili upenye. Mwisho ikawa ni uji. Kwenye kwaya maneno hayakutoka tena, akaacha kwenda, na akipita njiani alijifunika upande mmoja wa uso kwa khanga. Nyumbani hakuna aliyemuuliza khanga ile ni ya nini. Meno ya utoto yaliisha, na bado wakanyamaza, maana walikuwa wamekwisha kuzoea.

Kisha akaugua malaria. Mchana mmoja alitapika, na matapishi yakakosa njia. Alikakamaa, midomo ikageuka rangi. Ambakisye alimpindua kifudifudi, akampiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi, na siku hiyo hakuomba ruhusa ya mtu. Alimbeba moja kwa moja hadi hospitali ya mjini, Subilaga akikimbia nyuma yake.

Daktari wa huko alikuwa mama wa makamo. Baada ya kupiga picha za mifupa aliwaeleza kwamba kiungo kilikuwa kimeshikamana na fuvu. Kingekatwa ili binti aweze kula. Uso ulikuwa habari nyingine. Taya la juu nalo lilikuwa limelifuata la chini, kwa hiyo hata kwa upasuaji mwingi usingerudi katikati. Akauliza walianza kuona lini.

 Subilaga ndiye aliyejibu.

"Alipokuwa darasa la pili. Nilikuwa nikimpaka mafuta."

Kitandani, Atupele aligeuza kichwa. Alisema kwa meno yaliyofungana:

"Mama, uliona?"

"Niliona, mwanangu."

"Mimi nilijua huoni. Wote walinicheka, nikajiambia angalau kwa mama niko sawa."

 Subilaga alilia, na binti hakumbembeleza.

Walikikata kiungo kile cha taya. Kwa mazoezi ya kuumiza, kila siku akipanua mdomo kwa vijiti vya mbao huku machozi yakimtoka, Atupele aliweza tena kula. Sauti ya kuimba haikurudi, na uso ulibaki palepale.

Mwaka uliofuata wanawake walikutana uwanjani kuchoma vyungu. Jirani yao, Anyisile, alikuja na mwanawe mdogo aliyewahi kuanguka kutoka ngazi ya ghala. Mtoto alipocheka, kidevu kilikwenda kando. Wote waliona. Wengine waliinama wakapanga kuni, wengine wakajishughulisha na majani makavu. Subilaga naye aliona, akaendelea kulainisha chungu kibichi alichokuwa nacho mapajani. Mwiko ni kitu kigumu, hata baada ya kukutafuna.

Atupele ndiye aliyesimama, akaondoa khanga usoni. Akamwambia Anyisile kwamba taya la mtoto linapinda, ampeleke mjini.

Bibi Tusajigwe akamkatiza. "Huyo bado yuko kivulini."

"Hata mimi nilikuwa kivulini, bibi. Nitazame." Kisha akamgeukia Subilaga. "Mama, wewe ni mfinyanzi. Waambie."

 Subilaga alikitazama chungu, akamtazama mwanawe usoni, upande huu na upande ule, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu.

"Udongo uwahi ungali maji," alisema. "Wangu niliuona ukipinda, nikauacha ukakauka."

Anyisile alimpeleka mwanawe kesho yake. Mtoto alivaa kifaa, akalia, akazoea, na leo ni mtu mzima ambaye usingejua alianguka. Tangu hapo Lwanzali mtoto akigonga kidevu huangaliwa anavyofunua mdomo, na kasoro husemwa. Lakini msiichukue methali hii kama maneno ya kazi ya vyungu. Yalitoka kinywani mwa mama, mbele ya mtoto ambaye hayakuweza kumsaidia tena: udongo uwahi ungali maji.