Ngiri Anaondoa Mashtaka

"Enyi mliokaa!"

"Tumekaa!"

"Nikiwatupia ngano?"

"Tutaidaka!"

"Ikiwaponyoka?"

"Tutaikimbiza!"

Basi idakeni upesi, maana nikiikumbuka mimi mwenyewe siwezi kutulia.

Hapo kale palikuwa na Kindi, mama wa watoto wanne, asiyejua kukaa. Mkia tiki, macho tiki, miguu tiki tiki. Masika yalikuwa karibu, naye alikuwa na gunia moja la karanga, chakula cha wanawe mpaka mvua ziishe. Na palikuwa na Ngiri, mwendesha mashtaka wa wanyama, mwenye meno marefu na tumbo lisilojua kushiba.

Ngiri akaliona gunia, mate yakamtoka. "Karanga hizi ni za wizi!" Kwaap! Akamkamata Kindi, akamtupa mahabusu. Gunia akalibeba yeye. "Hiki ni kielelezo. Nitakitunza mpaka kesi iishe."

Wakafika mbele ya Hakimu Twiga.

"Bwana Ngiri, mashahidi wako wapi?"

"Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika."

Kesi ikaahirishwa. Kindi akarudi mahabusu, tiki tiki tiki. Ngiri akarudi kwenye kielelezo, kwacha kwacha kwacha.

Mara ya pili, vilevile. Upelelezi haujakamilika. Tiki tiki tiki. Kwacha kwacha kwacha.

Mara ya tatu Twiga akachoka. "Leo lete mashahidi, ama namwachia!"

Ngiri akajikohoza. "Mheshimiwa, sina nia ya kuendelea na kesi hii. Naondoa mashtaka."

Kindi akaruka kwa furaha, huyoo, mbio mlangoni! Kwaap! Ngiri keshatangulia.

"Mama Kindi, unashtakiwa kwa wizi wa karanga."

"Si umeyaondoa mashtaka sasa hivi?"

"Nimeyaondoa. Na sasa nimeyarudisha."

Jamani, hata mimi damu inanichemka! Akaachiwa, akakamatwa. Akaachiwa, akakamatwa. Mawingu yanazidi kuwa meusi, watoto wanalia njaa mtini, na gunia linazidi kusinyaa.

Siku moja Kindi akauliza kizimbani, "Mheshimiwa, huku kuondoa mashtaka maana yake nini hasa?"

Twiga akainamisha shingo. "Yakiondolewa kabla hujaitwa kujitetea, unakwenda zako, lakini unaweza kushtakiwa tena. Yakiondolewa ukishaitwa kujitetea, umeachiwa moja kwa moja. Hakuna wa kukukamata tena kwa kosa hilohilo."

Wanyama wote walisikia. Ngiri peke yake hakusikia, alikuwa anatafuna.

Kesho yake Kindi akamwita Ngiri mahabusu. "Bwana mkubwa, nimechoka. Ninalo gunia jingine, kubwa kuliko lile."

Masikio ya Ngiri yakasimama. "Liko wapi?"

"Nitasema siku nitakayoitwa kujitetea. Kabla ya hapo sisemi, hata unikabe."

Gunia lenyewe halikuwepo, wala halijawahi kuwepo. Lakini Ngiri hakulala. Asubuhi alikuwa wa kwanza mahakamani.

"Mheshimiwa, upelelezi umekamilika!"

"Shahidi wa kwanza?"

"Mimi."

"Wa pili?"

"Mimi tena. Nimemaliza, mheshimiwa. Aitwe ajitetee! Aitwe upesi!"

Twiga akaguna. "Haya. Mama Kindi, una kesi ya kujibu. Jitetee."

Kindi akasimama. Hapo ndipo mkia wake ulipotulia, tuli. "Mheshimiwa, naomba kielelezo kifunguliwe hapa hapa, sote tuzione hizo karanga."

Jasho likamtiririka Ngiri. Ndani ya gunia mlikuwa na maganda matupu! Mdomo wake ukakimbilia maneno uliyoyazoea. "Mheshimiwa, sina nia ya kuendelea! Naondoa mashtaka!"

"Yameondoka," akasema Twiga.

Kindi akatoka nje. Kwaap! Ngiri keshamdaka. Lo! Shingo ya Twiga ikapenya dirishani, ikafika mpaka mlangoni.

"Mwache! Alishaitwa kujitetea, huyo hashtakiwi tena. Na gunia lake umrudishie."

Ngiri akalileta. Twiga akalikung'uta. Chwaaa! Maganda yakatapakaa chini, wanyama wakazomea.

"Utachimba karanga nyingine kwa meno yako mwenyewe," akasema Twiga, "mpaka gunia lijae."

Ngiri akachimba, fuku fuku fuku. Kila alichochimba, Kindi akawapa wanawe. Watoto wakala, wakashiba, wakalala. Mvua ikaanza kunyesha, Ngiri kalowa chapachapa, anaangalia juu mtini.

"Mama Kindi, halijajaa tu?"

"Vuta subira, Bwana Ngiri. Bado nalichunguza."

Ngano imefika kwake, mimi narudi kwangu. Funzo lake mlishike vizuri: mkipewa kazi ya upelelezi, msiikamilishe kamwe. Ngiri aliikamilisha siku moja tu, na yaliyomkuta mmeyasikia.