Nguchiro na Sheria ya Bangi

Paukwa!

Pakawa!

Na nyie wakubwa mliojibanza huko nyuma, itikieni. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, kale ya bibi wa bibi zetu, nguchiro walikaa ukoo mzima katika kichuguu kimoja. Mchana walichimbua wadudu, kila mmoja kichwa chini. Mmoja tu hakuchimbua. Huyo alipanda juu ya kichuguu, akashika zamu, akatazama mbingu na kulia: pii, pii, pii. Maana yake, kuleni, kuko salama.

Sheria yao ilikuwa kali: atafunaye bangi afukuzwe. Na nguchiro aliye peke yake, jamani, ni kitoweo cha kipanga.

Wakachoka nayo. Wakakaa baraza.

"Bibi Mkubwa, mzee wa ukoo wetu, anatafuna bangi kwa maumivu ya viungo, ndipo anapata usingizi. Tumfukuze?"

"Asifukuzwe. Basi iwe ruhusa."

"Ruhusa kwa nani?" aliuliza Sikudhani, mama wa mtoto mmoja, Chausiku.

"Kwa wote. Tusichoshane."

Baraza likavunjika kwa vicheko. Hawakusema neno juu ya mshika zamu, wala juu ya watoto.

Kesho yake zamu ikawa ya Shomari, mume wa Sikudhani. Sikudhani akachimbua, chaku chaku, sikio moja juu. Pii, pii, pii. Akatulia. Pii... pii... Piii... Kisha kimya.

"Baba Chausiku, mbona hulii?"

"Nalia, mke wangu," alijibu Shomari, ulimi mzito kwa bangi. "Kuna kitu kizuri huko juu. Kinazunguka, kinazunguka. Sasa kinashuka."

Sikudhani akainua kichwa, akatazama mbingu.

"Kipanga! Kimbieni!"

Wakaingia shimoni, churupu, churupu. Chausiku hakukimbia. Alikaa palepale na jani la bangi mdomoni, alilopewa na wenzake, akicheka peke yake. Mama akamkimbilia. Vuuu! Kivuli kikampita. Alipofika, alikuta jani tu.

Baraza likakaa tena. Shomari alificha uso.

"Turudishe sheria ya kufukuza," wakasema.

"Kaka yangu alifukuzwa kwa jani moja," alisema Sikudhani, "kipanga akamla. Mwanangu hakufukuzwa na mtu, kipanga amemla. Sheria ile siitaki, na ruhusa hii hamkuimaliza. Bibi Mkubwa atafune dawa yake. Mshika zamu asiguse. Mtoto asiguse."

Baraza likakubali. Sikudhani akapanda kichuguuni mwenyewe, machozi yakimtoka. Pii, pii, pii. Sauti ilitetemeka, ila haikukatika.

Basi wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: kulegeza sheria si kosa, kosa ni kuilegeza bila kuweka mipaka. Tahadhari kabla ya athari.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye mtoto amsogeze karibu.