Darubini Ndani ya Debe la Unga

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, bunduki zilikuwapo, mbogo walikuwapo, na watu wa Nakitondo walikuwa wabishi kama ninyi mlioketi hapa. Kijijini hapo aliishi mwindaji mmoja jina lake Chande. Kijiji kilimkabidhi bunduki moja alinde watu na mashamba, na juu ya bunduki ile palikuwa na darubini.

Ngojeni kwanza niwape habari za darubini hiyo. Chande aliachiwa na mjomba wake, aliyekuwa mpishi kwenye kambi ya wawindaji. Ukiitazamia, swala wa ng'ambo ya bonde unamwona mpaka kope. Chande aliipenda kupita kiasi. Aliifuta kwa kitambaa chake maalumu ambacho hata mkewe hakuruhusiwa kukigusa. Jioni watu walijipanga uani kwake watazame nani anarudi kutoka gulioni na amebeba nini. Ugomvi mwingi wa kijiji kile ulianzia hapo, maana mtu aliulizwa habari za kuku wake kabla hajafika nyumbani.

Basi akatokea mbogo. Mbogo huyo alikuwa amenaswa na tanzi la waya, akalikata, akabaki na waya mguuni na hasira kichwani. Akahamia kwenye kichaka kando ya njia ya kisimani. Kichaka chenyewe kinene, mchana mle ndani ni kama jikoni kwa mtu asiye na dirisha. Akamvunja paja mzee Kazumari. Wanawake wakaacha kwenda kisimani, wakawa wanachota maji ya dimbwi, watoto wakashikwa na tumbo. Watu wote wakamgeukia Chande.

Chande aliogopa, na mimi simcheki. Mkewe Somoe alikuwa na mimba kubwa, mimba ya kwanza, baada ya kungoja muda mrefu hadi majirani wakachoka kuuliza. Chande alitaka kumwona mtoto wake. Hakutaka kitu kingine duniani.

Akaenda kwa fundi Mahadhi, yule aliyetengeneza baiskeli, majembe na kila chenye chuma. Akamwambia, "Fundi, nikazie skrubu za darubini. Isije ikanicheza mbele ya mbogo."

Fundi akakaza, Somoe, aliyemsindikiza mumewe, akiwa amekaa pembeni anatazama. Halafu fundi akapitisha kidole kwenye kile kitone cha chuma kilicho kwenye ncha ya mtutu, kile ambacho mtu hulengea asipokuwa na darubini.

"Chande, hiki kitone ni cheusi. Mbogo mweusi, kichaka cheusi, na kitone cheusi. Utakiona wapi?"

"Mimi nina darubini, fundi. Hicho sikitumii."

Fundi akaifungua tena darubini, akaiweka kando. Akachukua kipande cha jino la ngiri, akakisugua kwa tupa mpaka kikawa duara dogo jeupe, akakipachika penye kile kitone. Kule nyuma, penye kipengo cha kupitishia jicho, akakipanua kikawa wazi kama bakuli. Akampeleka Chande nyuma ya nyumba, akamlazimisha kupiga kichuguu kwa kile kitone mpaka risasi ikaenda inakotakiwa. Chande akacheka. Akarudisha darubini juu ya bunduki yake, akaenda zake.

Nyumbani akamkuta shangazi yake, Bi Mwanaidi, amefika na kikapu chake cha nguo. Shangazi huyu alikuwa mjane wa mwindaji. Marehemu mumewe, Sefu, aliuawa na mbogo.

"Inua bunduki nikuone," akasema.

Chande akatoa risasi, akainua, akaanza kutafutatafuta jicho lake liko wapi.

"Umeshakufa," shangazi akasema. "Mume wangu alikuwa hodari wa shabaha kuliko wewe, na alikufa akitafuta hivyo hivyo. Fumba macho. Inua. Sasa fumbua. Bunduki iko mbele ya jicho au iko Kilwa?"

Ilikuwa Kilwa.

Tangu hapo Chande hakupumzika. Anakula, shangazi anasema "Mbogo," naye aache tonge, afumbe macho, ainue bunduki isiyo na risasi, afumbue. Anatoka chooni, "Mbogo." Anazungumza na mkewe maneno ya mtu na mkewe, nyuma ya pazia sauti inasema "Mbogo." Chande akanung'unika kwamba shangazi amekuja kumtia wazimu. Lakini mikono ikazoea. Ikawa akifumbua macho, bunduki imeshafika.

Sasa Somoe. Somoe hakuwa mwindaji, wala hakuwahi kupiga hata njiwa. Alfajiri moja Chande yuko bafuni anaoga, bunduki imeegemezwa ukutani. Somoe akaishika, akasema naye atazame hicho kinachopendwa kuliko yeye. Chande akatoka bafuni, akasimama mlangoni anajifuta. Somoe akaelekeza darubini mlangoni, akaona weusi mtupu. Weusi una manyoya. Hakujua ni kichwa, ni kifua, ni mtu au ni mbuzi. Akaishusha, kumbe ni ndevu za mumewe.

Akawaza, kama mume wa mlangoni haonekani, mbogo wa karibu mle kichakani ataonekanaje? Angesema, angeambiwa mambo ya bunduki hayajui. Chande akarudi ndani kuvaa, akatoka tena kwenda kuswali. Somoe akachukua ncha ya kisu, akalegeza skrubu kama alivyomwona fundi akizilegeza, akaitoa darubini, akaifunga kwenye kipande cha kanga, akaizika ndani ya debe la unga. Bunduki akairudisha kwenye mfuko wake wa turubai, akaufunga. Hakujua kama amemwokoa mumewe au amemuua.

Asubuhi hiyo hiyo vijana wakaja mbio, mbogo ameonekana. Chande akachukua mfuko, akaenda nao. Alipofika ukingoni mwa kichaka akaufungua.

Darubini hakuna.

Kurudi nyumbani haikuwezekana, mbogo alikuwa anasikika mle ndani anavunja vijiti, na akitoka angetokea kwenye mashamba penye watu. Chande akatia risasi kwenye bunduki. Akasema mbele ya wote, "Mliopo hapa mshike maneno yangu. Aliyenitolea darubini, nikifa, damu yangu ni juu yake. Lakini nikirudi mzima, yule ambaye kwa mkono wake nimerudi, huyo ndiye atakayempa mtoto wangu jina." Akaingia.

Akaenda kwa kunyata, amekunja mgongo. Giza, utando wa buibui, harufu ya mbogo. Akasikia pumzi, hajui iko upande gani. Halafu kichaka kikapasuka na mbogo huyu hapa, umbali wa kutoka kitandani hadi mlangoni.

Chande hakufikiri, aliapa baadaye kwamba hakufikiri. Mikono iliinua. Jicho likawa wazi, mbele yake hakuna kioo wala bomba, akamwona mbogo mzima, kichwa, pembe, pua iliyolowa. Na katikati ya weusi wote ule kikakaa kitone cheupe. Akafyatua. Mbogo akaanguka, akateleza kwa kishindo chake, pua ikaja kusimama kwenye kiatu cha Chande.

Akakaa chini hapo hapo. Akacheka, akalia, akajipapasa mbavu, akacheka tena. Vijana walipoingia walimkuta anamwambia mbogo, "Niko hai, bwana, niko hai."

Nyumbani Somoe alikuwa amesimama uani, darubini mkononi, unga mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameusikia mlio mmoja tu wa bunduki na asingeweza kujua una maana gani. Alipomwona mumewe anakuja kwa miguu yake mwenyewe, akapiga magoti.

"Ni mimi niliyeitoa. Nipige ukitaka."

Chande akamtazama, akautazama unga. Akamwinua, wakakumbatiana mbele za watu bila haya, na unga ukawaenea wote wawili. Siku ile wanawake walikwenda kisimani wakiimba, na mzee Kazumari akapelekewa maini ya mbogo kitandani kwake.

Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, mwenye sauti. Siku ya saba watu wakajaa uani. Mwalimu wa madrasa akashika wembe wa kumnyoa mtoto, akauliza, "Jina?"

Fundi Mahadhi akasimama wa kwanza. "Ahadi ilitolewa. Mimi ndiye niliyeweka kitone cheupe. Mle kichakani palikuwa giza, na weusi juu ya weusi haulengeki. Toa darubini, inua haraka unavyotaka, bila jino langu la ngiri angemlenga nani? Sina mtoto. Nataka aitwe Mahadhi, nikifa niitwe bado."

Shangazi akacheka. "Kitone cheupe. Mbogo alimpa nafasi ya kutafuta kitone? Kitone kilikuja chenyewe mbele ya jicho kwa sababu mikono ilikileta, na mikono niliifundisha mimi, nikatukanwa kwa ajili yake. Mume wangu alikuwa na macho mazuri na bunduki nzuri, na tulimzika. Mtoto aitwe Sefu."

Somoe alikuwa amempakata mtoto. "Sitasema nimembeba tumboni. Hilo silidai. Nadai darubini. Ingekuwa juu ya bunduki, kile kitone angekitazamia wapi? Na mikono ya shangazi ingeinua nini, si ingeinua ndevu za mbogo? Ninyi mlifanya mambo mema na kila mtu akawaona. Mimi niliiba. Angekufa, damu ilikuwa juu yangu, alisema mwenyewe. Baba yangu aliitwa Hemedi."

Fundi akasema, "Lakini hukujua. Ulibahatisha."

"Na wewe ulijua kwamba darubini itatolewa?" Somoe akamjibu.

Fundi akaketi. Shangazi naye akajifunga upya kanga yake, ingawa haikuwa imelegea.

Chande akamtazama fundi, akakikumbuka kile kitone. Akamtazama shangazi, mikono ikamwasha. Akamtazama mkewe, akaona unga kwenye viwiko, ingawa ulishaoshwa siku nyingi. Alikuwa na furaha, na hakuweza kulitamka jina lolote. Alijua angekuwa kaburini kama mmoja tu kati ya watu hawa watatu angekaa nyumbani kwake akashughulika na mambo yake.

Sasa msiniletee ujanja. Wewe unayetaka kuniambia mtoto apewe majina yote matatu, kaa chini, ahadi ilikuwa jina moja na la mtu mmoja. Na wewe unayetaka kusema ni Mungu, Mungu tumeshamshukuru, ndiye aliyempa Chande watu hawa. Wembe umeshalowekwa. Mwalimu anangoja, mtoto analia, baba yake amegeuka anawatazama ninyi.

Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?