Jibu la Kwanza ni la Mgeni

"Jibu la kwanza ni la mgeni." Mmeisikia darasani kwa mwalimu wenu wa mawasiliano, na sasa mmepanda kilima chote hiki kuniuliza imetoka wapi. Wapo watakaowaambia kwamba ni methali ya wahenga. Msiwasikilize. Ina miaka ishirini na sita tu, na mtu wa kwanza kuambiwa maneno hayo ni mimi mwenyewe, nayo yaliniuma. Sogezeni viti, niwaeleze yalivyoanza.

Wakati ule nilikuwa nafundisha Stadi za Mawasiliano katika chuo chetu cha mifugo, hapa hapa Rungwe. Wanafunzi walilidharau somo langu. Walikuja kujifunza ng'ombe, na ng'ombe, walisema, hahitaji kuamkiwa. Nami nilikuwa na dawa yao: fomu yenye maswali kumi na mawili ya kumuuliza mfugaji. Ng'ombe wangapi? Wanakula nini? Wanakunywa maji mara ngapi? Tatizo lililobainika ni nini? Niliitunga mwenyewe na nilijivunia kama mtu aliyejenga daraja. Anayeimaliza fomu, amefaulu.

Mwaka huo alikuwapo msichana wa Kipare kutoka Same, jina lake Nakiete. Katika magonjwa ya mifugo hakuwa na mpinzani. Angeweza kukutajia minyoo yote ya ndama huku anasuka nywele. Lakini mbele ya watu alikuwa mkavu. Alimuuliza mfugaji maswali kama karani wa mahabusu, na wafugaji wakawa wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli shambani. Alifeli somo langu mara moja, akafeli mara ya pili. Kanuni za chuo zilikuwa wazi kwamba atakayefeli mara ya tatu anafunga begi lake na kurudi kwao, hata kama masomo mengine ameyapasua yote.

Nilimwita nikampa mtihani wa mwisho. Katika kijiji cha jirani alikuwapo Bibi Subilaga, mjane mwenye ng'ombe wawili wa maziwa waliosifika. Kwa miaka tisa nilikuwa nikipeleka wanafunzi kwake, na kila mmoja alirudi ameandika, "Hakuna tatizo." Lakini mwezi huo karani wa kituo cha kukusanyia maziwa aliniambia kwamba ndoo ya Bibi Subilaga haijaonekana kwa wiki tatu.

"Una siku tatu," nilimwambia Nakiete. "Niletee sababu."

"Nitaileta, Mwalimu," alijibu. Hakutabasamu. Alikuwa ameamua.

Siku ya kwanza alimkuta bibi amekaa barazani, amejifunika shuka hadi kidevuni, maana mvua zetu mnazijua na baridi yake mnaijua. Akamwamkia, bibi akaitika marahaba na kumuuliza habari za atokako. Nakiete akasema nzuri, akafungua jalada. Maswali kumi na mawili, majibu kumi na mawili. Ng'ombe? Wazima. Malisho? Yapo. Maziwa? Yapo, mjukuu wangu, Mungu mwema. Alirudi amelowa mpaka magotini, na fomu yake imejaa sifa njema kuliko barua ya posa.

Siku ya pili alikwenda na moto zaidi. Alipoulizwa habari akasema nzuri, akarusha swali lake moja kwa moja: mbona maziwa hayafiki kituoni? Bibi akasema wanayanywa hapo hapo nyumbani. Nyumba ya mtu mmoja inywe maziwa ya ng'ombe wawili! Nakiete akamwambia hilo haliwezekani. Bibi akatazama mawingu, akasema mvua inakuja, mgeni asije akanyeshewa. Ninyi mnajua maana yake. Kwetu mtu hafukuzwi, anahurumiwa mvua.

Jioni hiyo nilimkuta amekaa kwenye ngazi za bweni, viatu vimejaa tope. Nilimwambia kwamba kufeli si kufa. Ningejua kumfariji vizuri ningenyamaza.

"Mwalimu, kesho bado ni siku yangu," alisema. "Sijafeli kesho."

Yaliyotokea siku ya tatu nilikuja kuyapata baadaye, nusu kwake na nusu kwa bibi. Alifika asubuhi, akaamkia, akaketi. Bibi akamuuliza kama siku zote, "Habari za huko utokako?"

Hapa ndipo penye mambo. Mgeni wa kwetu, na wa kwao Upareni vilevile, haulizi kabla hajatoa. Anakaribishwa, anaketi, anatoa habari za alikotoka, za njiani na za nyumbani kwao. Akishazitoa, mwenyeji naye anatoa zake. Ni jambo ambalo kila mtoto analijua bila kufundishwa, na ni jambo ambalo fomu yangu ya maswali kumi na mawili ililikanyaga kwa miaka tisa. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kuchukua kabla ya kutoa.

Nakiete alifungua mdomo kusema nzuri, neno likakwama. Alikuwa amechoka.

"Sijambo, bibi, lakini habari si nzuri," akasema. "Leo nisiporudi na jibu nafukuzwa chuo. Mama yangu amewaambia majirani wote kwamba mwanawe atakuwa bwana mifugo. Nina hofu, na sijui kuongea na watu. Nawapenda ng'ombe kwa sababu hawanitaki niongee."

Bibi Subilaga akacheka. Kicheko kilipokwisha, akatoa mikono yake nje ya shuka. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo na kupinda, havikunjiki.

"Vilianza zamani, lakini huu ni mwezi wa nne vimezidi," akasema. "Nikishika chuchu naona nyota. Nakamua kidogo, naacha. Mmoja kiwele kimekuwa kigumu kama jiwe, maziwa yanatoka mabonge. Nitapeleka nini kituoni?"

"Kwa nini hukusema, bibi?"

"Mwanangu mkubwa yuko Mbeya. Alishaniambia, 'Mama, siku ukishindwa kukamua, tunauza ng'ombe na unakuja kukaa kwangu.' Nikakae mjini nifanye nini? Nitazame ukuta? Hawa ng'ombe nimebaki nao tangu mzee afariki. Usimwambie mtu."

Nakiete hakuandika neno. Alinawa, akaingia bandani, akamkamua yule mgonjwa taratibu mpaka mabonge yakaisha, akambandika nguo ya maji ya moto kwenye kiwele. Akamkamua na wa pili. Kisha akarudi chuoni, akaja ofisini kwangu na kuniwekea fomu mezani. Pale palipoandikwa "Tatizo lililobainika" palikuwa patupu.

"Hukupata?" nikamuuliza.

"Nimepata."

"Basi andika."

"Siwezi, Mwalimu. Ninachoweza kukwambia ni kwamba ng'ombe mmoja anahitaji dawa ya kiwele leo. Hayo mengine nimeambiwa mimi, sikuambiwa niyapeleke popote."

Nilikasirika. Ninawaambia ukweli, nilikasirika sana. Miaka tisa nilikuwa nangoja mwanafunzi mmoja arudi na kitu, na huyu hapa anacho na ananinyima! Nikamkumbusha kanuni. Nikamwambia kwamba nafasi tupu ni sifuri, na sifuri ni begi.

"Basi nitafunga begi," akasema. Macho hayakushuka. "Ila tafadhali, Mwalimu, dawa iende kwanza."

Nilichukua dawa na koti nikaondoka naye. Moyoni nilikuwa nasema bibi atanieleza mwenyewe, sisi tunafahamiana, mimi ni mzaliwa wa ng'ambo ya mto ule ule. Tulipofika nikaamkia, nikauliza habari, bibi akasema nzuri. Nikamuuliza kama kuna tatizo, akasema hakuna. Akamgeukia Nakiete na kumtazama, na nikaona kwamba anapima jambo.

"Hukumwambia?" akamuuliza.

"Sikumwambia, bibi."

"Na watakufukuza?"

Nakiete akaitikia kwa kichwa. Bibi akaguna, akatoa mikono yake nje ya shuka mbele yangu, akanieleza yote. Nilipoiona ile mikono niliona haya. Wanafunzi wangu wangapi walikuwa wamekaa mbele ya shuka lile na kuhesabu ng'ombe?

"Bibi, lakini mimi nakuuliza habari miaka tisa sasa," nikasema. "Kila mara unaniambia nzuri."

"Nawe kila mara unaridhika," akajibu. "Jibu la kwanza ni la mgeni, Mwalimu. Ni kama kiti, kila ajaye anapewa. Wewe ukishapewa kiti unaandika na kuondoka. Huyu mtoto amenipa habari zake, nami nikampa zangu."

Akaongeza sharti moja, kwamba kwenye karatasi jambo lake lisiandikwe, kwa sababu karatasi hutembea na mwanawe anajua kusoma. Ninyi nawasimulia leo kwa kuwa baadaye aliyatangaza mwenyewe mbele ya kikundi chote cha wafugaji, mwanawe akiwapo. Siku ile tulikubaliana mambo mawili: mkwe wa jirani angekuja kukamua asubuhi na jioni, na Nakiete angempeleka bibi zahanati Jumatatu. Baada ya siku chache ile ndoo ilionekana tena kituoni.

Ilibaki kanuni. Nilimpa Nakiete alama themanini na tano, na Mkuu wa Chuo akatuita sote wawili. Alikuwa mama mkali anayesoma kila karatasi mpaka nyuma.

"Mwalimu, nafasi hii ni tupu. Alama themanini na tano ni za nini?"

"Ni za hiyo nafasi, Mkuu," nikasema. "Jambo analijua, nami nimelithibitisha, lakini mwenyewe hataki liandikwe. Ukimfukuza, uniandikie na mimi barua, maana iliyofeli hapa ni fomu yangu."

Nikamweleza maneno ya bibi kuhusu jibu la kwanza, bila kumtaja na bila kusema ugonjwa wake. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia msichana.

"Nakiete, hujambo?"

"Sijambo, Mkuu."

Mkuu akaweka kalamu chini, akakunja mikono juu ya meza na kumtazama. Hakuuliza swali jingine. Mvua ilikuwa inapiga bati na sisi wote watatu tumekaa kimya, mpaka nikaanza kuona tabu mimi.

"Nimeogopa siku tatu nzima, Mkuu," Nakiete akasema, na machozi yakamshuka. "Ninataka kubaki. Ninataka sana."

"Hilo ndilo nililokuwa nangoja," Mkuu akasema. Akachukua kalamu, akatia saini. Akanisukumia ile fomu yangu na kuniambia nikaitunge upya, na safari hii nianze na habari za mgeni mwenyewe.

Kabla ya jua kuchwa habari ilikuwa imefika jikoni, na kesho yake wanafunzi walikuwa wakiulizana hujambo na kusubiriana kwa mzaha. Mzaha ukazoeleka ukawa methali, ndiyo hiyo mliyoisikia. Basi mtakapokwenda kwa wafugaji, mkaambiwa kwamba yote ni mazuri, shukuruni kwa kiti mlichopewa, lakini msiinuke. Toeni habari zenu, kisha mngoje. Jibu la kwanza ni la mgeni.