Kibuyu cha Daktari Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na zahanati yao na foleni yao, daktari alikuwa Fisi. Ndiyo, Fisi! Dawa ya vidonda ilikuwa asali iliyochanganywa na mafuta ya kondoo, na nyingi iliishia tumboni mwake.

Mfalme Simba alitaka kujua kama wagonjwa wanaridhika. Akaweka kibuyu mlangoni: aliyeridhika atie punje ya mahindi, asiyeridhika atie kunde. Kila mwezi ukiandama alikimimina na kuhesabu. Kunde zikizidi, daktari afukuzwe.

Basi Fisi akasimama kando ya kibuyu, meno nje. "Tia mahindi kwanza, dawa baadaye."

Ko! Ko! Ko! Kila mwezi mahindi matupu, na Simba akimsifu.

Kindi alikuwa amemleta mama yake, mguu umevimba hadi gotini. Siku ya nne walikuwa bado kwenye benchi, na mama hata uji haumpiti.

"Mwanangu, nirudishe nikafie nyumbani."

"Hufi, mama. Nisubiri hapa." Kindi akajikaza akamwendea Fisi.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Foleni iko kule."

"Naijua. Nimekuletea habari tu. Mwezi huu mfalme amegeuza: kunde ndiyo sifa, mahindi ndiyo lawama."

"Ati nini? Na hesabu ni kesho!"

Fisi akamwaga mahindi yote, akakimbilia kunde, akawapanga wagonjwa mstari. "Tia kunde! Wewe Nyati, una mwili mkubwa, tia mbili!"

Ko! Ko! Ko!

Kesho yake Simba akainua kibuyu. Chwaaa! Kunde tupu.

"Fisi, kumbe hakuna hata mmoja aliyeridhika?"

"Wameridhika, mfalme! Hizo kunde niliwaamuru mimi mwenyewe!"

Kindi akauliza taratibu, "Na mahindi ya miezi yote ile, Daktari, aliwaamuru nani?"

Simba aliposimama tu, Fisi akaufyata mkia akatimua mbio, na hajarudi mpaka leo. Wagonjwa wakapiga vigelegele, na Kobe mwenye homa akacheza ngoma.

Chungu cha dawa kikatolewa stoo, na wa kwanza kupakwa alikuwa mama yake Kindi. Siku ya tatu alirudi kwake kwa miguu yake mwenyewe.

Wanangu, ukitaka ukweli wa mgonjwa, usimuulize mbele ya aliyeshika dawa.