Jina Chini ya Unyayo wa Sikudhani

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana umeme ulikuwepo na watoto walishajua kucheza gemu, aliishi Tanga mwanamke aitwaye Bi Mwanaidi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza gemu. Iliyovuma kuliko zote ilikuwa ya Sikudhani, binti shujaa mwenye ngao. Bi Mwanaidi akasema, "Huyu binti watoto wanamwona kwenye kioo tu. Sasa nataka wamshike mkononi."

Akatengeneza mwanasesere wa plastiki, uso uleule, ngao ileile. Kabla kiwanda hakijaanza kutoa wanasesere hao kwa maelfu, akaita watu watatu wampime.

"Msinisifie," akawaambia. "Nitafutieni kasoro. Atakayemfaa Sikudhani kuliko wenzake, jina lake litachongwa chini ya unyayo wa kila mwanasesere. Unyayo wenyewe mdogo, unatosha jina moja."

Wa kwanza alikuwa Kidawa, msichana aliyeimaliza gemu ya Sikudhani kabla ya mtu yeyote mjini. Akamshika, akamgeuza, akampigisha goti, akamwinua mkono. Mkono ukagota kifuani.

"Rangi nzuri, uso ni wake," akasema. "Lakini huyu si Sikudhani."

"Kwa nini?" akauliza Bi Mwanaidi.

"Sikudhani anakinga mawe yanayotoka juu. Huyu ngao yake haipiti kidevu. Mtoto atajaribu kumkingisha, atashindwa, atamtupa kabatini. Hapa unauza pambo, Bi Mwanaidi, huuzi mchezo."

Bi Mwanaidi akajaribu mwenyewe. Kweli, mkono haukupanda.

Wa pili alikuwa Elifuraha, fundi wa mikono na miguu bandia hospitalini. "Mabega ndiyo kazi yangu," akasema. Akaenda naye karakana, akalikata lile bega, akaweka kigololi kinachozunguka ndani ya kikombe. Aliporudi, Sikudhani alipiga goti, akainua ngao juu ya kichwa, akatulia hivyo bila kushikwa. Kidawa akacheka kwa raha. Bi Mwanaidi akatoa simu awapigie watu wa kiwanda.

"Subiri kwanza," akasema wa tatu. Huyu alikuwa Mwalimu Tabu, mwalimu wa chekechea. "Nyinyi mmemshika kama watu wazima. Mimi nataka kuona watoto watamfanyaje."

"Mpe yeyote umtakaye," Elifuraha akajibu. "Mkono huo hauendi popote."

Mwalimu Tabu akampeleka darasani, akamweka mkekani. Watoto wakamwogesha, wakamrusha, wakamgombania. Wawili wakavutana naye, mkono ukachomoka na kigololi chake. Kabla mwalimu hajanyoosha mkono, mtoto mmoja, Shomari, alishakitia mdomoni. Sauti ikamkatika, macho yakamtoka. Mwalimu Tabu akamlaza kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja, akampiga tena, akampiga tena, mpaka kigololi kikaangukia mkekani. Mtoto akalia. Mwalimu akabaki amekaa palepale.

Mama yake Shomari alipokuja kumchukua, akaelezwa yote bila kufichwa. Akampakata mwanawe, akauliza jambo moja tu: "Kwa hiyo mwanangu ndiye aliyekuwa mizani yenu?"

Mwalimu Tabu akainama.

Elifuraha aliposikia, alilichukua lile bega akalitengeneza upya. Safari hii kigololi kilikuwa kikubwa, hakipiti kwenye koo la mtoto, tena amekifungia ndani ya kifua. Akauvuta mkono kwa koleo, haukutoka. Mwalimu Tabu akauvuta kwa meno, haukutoka. Kidawa akainua ngao, ikapanda juu kabisa. Sasa Sikudhani alikuwa Sikudhani.

Bi Mwanaidi akawaketisha. "Semeni."

Kidawa akasema, "Bila mimi mngeuza sanamu ya kupanga kabatini. Mimi ndiye niliyemjua."

Elifuraha akasema, "Kujua kwako hakukumwinua mkono. Mimi ndiye niliyempa bega, tena mara mbili."

Mwalimu Tabu akasema, "Bega lako la kwanza lingeingia kwenye kila nyumba. Mimi ndiye niliyelizuia."

"Ulilizuia kwa mtoto wa watu," Elifuraha akamjibu. "Ungeuvuta mkono huo wewe mwenyewe kwanza."

"Wewe uliniambia hauendi popote. Fundi wa viungo akisema hivyo, mimi nimbishie?"

Kidawa akasema, "Mimi sikumpa mtoto kitu, wala sikutengeneza kibovu. Mikono yangu safi."

"Safi kwa sababu ulisema ukakaa," wakamjibu wote wawili. "Na bega hilo ni wewe uliyelitaka."

Bi Mwanaidi akawatazama mmoja mmoja. Kila alilosikia lilikuwa kweli. Na mama yake Shomari, ambaye hakuitwa kupima chochote, alikuwa ameleta ujumbe kwamba hadai kitu, ila kama kuna jina litakalokanyagwa chini ya mguu huo, naye ana la kupendekeza: la mwanawe.

Kiwanda kikapiga simu. Mashine tayari, unyayo mtupu, waandike nini?

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkasikiliza: mngekuwa Bi Mwanaidi na simu iko sikioni, mngetaja jina la nani?