Uzito wa Bi Mwanamvua

"Mkaza hewani hukaza mara mbili." Ndiyo, nilimsikia mjomba wenu akiwaambia maneno hayo jana mlipotoka kwenye kikao chenu. Leo nawaona mmekuja na vitumbua, mnajifanya mmekuja kunijulia hali, kumbe mnataka kujua chanzo chake. Haya, kaeni. Mhina, zima hiyo simu, maana sisimulii mara mbili.

Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Korogwe, na si zamani kama mnavyodhani. Wakati huo nilikuwa na duka la vipuri vya magari, limepakana na ua wa Bi Mwanamvua. Mwanawe, Shekigenda, alikuwa na gereji yake humo humo uani. Alikuwa fundi hodari, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Bi Mwanamvua alikuwa mtu mzima aliyekonda, magoti yamekaza. Siku moja ya msiba vijana wawili walimnyanyua kumpakia kwenye pikapu ya mwanawe, kanga ikapanda juu, na mkwe wake wa kiume amesimama pale pale. Yule mkwe aligeuza uso haraka, lakini aibu haikugeuka naye. Mama wa watu akaapa mbele yetu: "Sibebwi tena kama gunia la mahindi. Gari nisilolipanda kwa mguu wangu mwenyewe, nitaliona tu likipita." Miaka minne hakutoka nje ya ua ule.

Mwaka wa nne dada yake, Bi Mwantumu, alituma ujumbe kutoka Mlalo kule milimani. Alisema macho yake yanafifia, daktari amemwambia hayana muda. "Njoo nikuone uso, mdogo wangu, kabla mwanga haujaniacha." Bi Mwanamvua alisomewa ujumbe ule mbele yangu. Alichukua kigoda chake, akaweka mguu juu yake kama alivyozoea kupumzisha goti, akaangalia ukuta mpaka jua likahama.

Shekigenda aliumia, na fundi akiumia hutafuta spana. Akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa zuri, simsingizii. Pikapu yake ilikuwa imenyanyuka mno mbele, mlango uko juu. Sasa chini kule mbele kuna mikono miwili ya chuma, mmoja kila upande, inayoshika gurudumu, na springi imekalia juu yake. Wapo watu, mbali na waliotengeneza gari, wanaotengeneza mikono mingine ambayo kikalio chake cha springi kimeshushwa. Ukiifunga, springi inabaki ile ile lakini mbele yote ya gari inakaa chini. Vijana wa mjini huifunga kwa madaha. Shekigenda aliiagiza kupitia dukani kwangu kwa ajili ya goti la mama yake.

Mikono ilifika asubuhi, alasiri alikuwa amekwisha kuifunga. Aliipandisha pikapu juu ya stendi, vile vyuma vya kuinulia gari, magurudumu yananing'inia, akafungua mikono ya zamani, akavisha mipya, akakaza bolti zote kwa nguvu zake zote huku akipiga mluzi. Kisha akapiga simu Mlalo kuwaambia watakuja Jumamosi ya wiki ya pili, wachinje mbuzi kabisa. Akamwambia mkwe, akaniambia mimi, akamwambia muuza maziwa. Mtu mmoja tu hakuambiwa.

Siku kumi aliiendesha ile pikapu kwenye mashimo ya huku kwetu. Siku ya nne ikaanza kulia kama mlango mkavu. Siku ya nane ikaanza kuvuta kushoto. Yeye akasema ni vyuma vipya, vitazoeana.

Alhamisi akaisogeza mpaka barazani. "Mama, njoo uone! Nimekushushia gari. Keshokutwa tunakwenda kwa mama mkubwa."

Bi Mwanamvua aliiangalia pikapu, kisha akamwangalia mwanawe.

"Nani amesema nakwenda?"

"Mama, mbona watu wote wanajua? Mbuzi amekwisha nunuliwa."

"Watu wote wanajua," alisema taratibu. "Na mguu wangu uliupima lini?"

Mama akaingia ndani na kufunga mlango. Kijana alipoirudisha pikapu gereji ikapiga kelele ambayo hata mimi, muuza vipuri, niliijua. Raba za ile mikono zilikuwa zimechanika.

Ile siku nilimhurumia. Nikampigia simu mzee aliyemfundisha kazi, Fundi Mfinanga wa Same. Ijumaa asubuhi akateremka stendi ya basi na begi lake la spana, akala muhogo wangu bila haraka, akashuka kwenye shimo la gereji chini ya pikapu. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alijifuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Bolti za mikono ulizikaza gari likiwa wapi?"

"Juu ya stendi, mwalimu."

"Na magurudumu?"

"Yananing'inia."

Mzee akatikisa kichwa. "Pale mkono unapochezea pana bushi ya raba. Raba hiyo hushika hali uliyoikazia. Wewe umeifundisha kwamba gari halina uzito. Ulipolishusha gari chini, raba ikalibeba huku imejisokota, kila shimo likaisokota zaidi, mpaka ikachanika. Hivi sikukufundisha?"

"Ulinifundisha, mwalimu. Nilikuwa na haraka. Nitabadilisha raba, nitakaza gari likiwa chini."

"Tutabadilisha. Lakini nani atakayepanda?"

"Mama."

"Yuko wapi?"

"Amekataa."

"Ulimuuliza?"

Jamani, lile swali dogo lilimshusha Shekigenda kuliko alivyoishusha pikapu yake. Alijikuna kisogo, akatazama chini.

Nilitoa bushi mpya dukani, wakazivisha pamoja, na bolti wakaziacha zimelegea. Pikapu ikashushwa, ikasimama kwa magurudumu yake juu ya shimo. Kisha Fundi Mfinanga akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona fundi akilifanya. Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akavaa kofia yake, akaenda mlangoni kwa Bi Mwanamvua na kupiga hodi.

"Shikamoo, dada yangu."

"Marahaba. Kama umekuja kunichukua, rudi."

"Sikuja kukuchukua. Safari ni yako, uende usiende. Mimi nimekuja kuomba uzito wako."

Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia kuku wakiparura.

"Uzito wangu?" sauti ikatoka ndani. "Mimi niliyebaki mifupa na kanga?"

"Huo huo. Mimi bolti ya mwisho siikazi mpaka mwenye kupanda amekaa. Hii pikapu imetengenezwa kwa ajili yako, nayo haijakujua."

Komeo likatoka. Bi Mwanamvua akasimama mlangoni na mkongojo wake. "Mguu wangu unafika juu ya kile kigoda," alisema. "Hapo ndipo mwisho wake, haupiti."

Fundi akachukua uzi, akapima kigoda. Akaenda kwenye pikapu, akaupima uzi ule toka chini hadi pale mguu unapokanyaga mlangoni. Pakazidi kwa unene wa matofali mawili. Nikaona Shekigenda ananyong'onyea. Mzee akalaza matofali mawili, moja juu ya jingine, chini ya mlango, akayakanyaga mwenyewe kujaribu, akapima tena kutoka juu yake. Uzi ukatosha, sawasawa kabisa.

Mjue basi, wote tumekusanyika: mafundi, wateja, mkwe naye kwa mbali, safari hii amejigeuza mwenyewe mapema. Bi Mwanamvua akatembea kutoka mlangoni hadi pale. Shekigenda alinyoosha mkono, mama yake akamtazama, akaurudisha. Akapanda matofali. Akashika mlango kwa mkono wa kulia, akanyanyua mguu, polepole, ukatetemeka, ukafika. Kisha mwili wote ukafuata, na yule mama akawa amekaa kwenye kiti, kanga yake imemfunika mpaka kwenye vifundo.

Na pikapu ikashuka.

Ilishuka unene wa kucha tu, wajukuu zangu, lakini niliiona kwa macho yangu haya. Chuma kile chote kilichobeba saruji na magogo kilimpokea mwanamke mmoja aliyekonda, kikainama kidogo na kutulia. Nywele zilinisimama. Nimeuza vipuri miaka ishirini na sita na kabla ya siku ile sikujua kwamba gari hujua nani amekaa ndani yake.

"Sasa kaza," Fundi Mfinanga alisema. Spana akampa Shekigenda. Kijana akashuka shimoni, chini ya mama yake, na hakupiga mluzi. Tulisikia bolti zikizunguka moja moja, zikiguna, zikikaa. Alipomaliza ya mwisho tulimsikia analia kule chini, na hakuna aliyemcheka.

Bi Mwanamvua alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi. Akasema, hata si kwetu, "Kumbe bado nina uzito."

Mimi nililia pale pale, sina aibu nalo.

Jumamosi walikwenda Mlalo, na hiyo ilikuwa kwa neno lake yeye; matofali mawili yalisafiri nao. Pikapu haikulia hata kwenye kona za milimani. Waliniambia Bi Mwantumu alimshika mdogo wake uso kwa mikono miwili, akamvuta dirishani penye mwanga, akamwangalia mpaka chakula kikapoa. Akamwambia, "Umezeeka, na bado pua ya baba umeichukua wewe peke yako." Mwezi uliofuata macho yake yalizima, lakini uso ule alikuwa amekwisha kuuweka moyoni.

Fundi Mfinanga alipokuwa anapanda basi kurudi Same, Shekigenda alimpokeza begi lake la spana, akamshukuru. Mzee akamwambia tu lile neno, nasi tuliokuwa stendi tukalichukua, likaenda mpaka kwenye posa na vikao vya ukoo ambako watu hawajawahi kushika spana.

Vitumbua vyenu ni vitamu, asanteni. Basi sasa niambieni. Hicho chumba mlichonipakia rangi kule Morogoro, ili mnihamishe mwezi ujao, dirisha lake linatazama wapi? Kitanda mmekiinua kiasi gani? Na mlipokaa jana mkapitisha yote hayo, mimi nilikuwa nimekaa kiti kipi?

Mbona mnatazamana? Sijakasirika, na wala sijasema siendi. Mhina, nisogezee kile kiti, kikao chenu tukianze upya, nami nikiwa nimekaa ndani yake. Mjomba wenu aliwaambia kweli: mkaza hewani hukaza mara mbili.